Zege la njia ya gari Goba: kotesheni tatu, fundi niliyempa kazi na hela ilipoenda

Nyota nne kati ya tano, naanza na hiyo ili mwenye haraka asihangaike kusoma yote. Kazi yenyewe ni njia ya gari ya zege, kutoka getini mpaka mbele ya nyumba pamoja na kieneo cha kugeuzia gari, saiti iko Goba hapa Dar, kiwanja cha mteremko kama viwanja vingi vya Goba. Fundi simtaji jina kwasababu kuna mambo nitamsema, na yeye mwenyewe hana kampuni wala kibao, kazi zake zote ni za kuambiana, mtu kaona kwa jirani kaulizia basi. Bei nitakazoweka ni za Septemba 2024 kabla vuli haijaanza, leo zikiwa zimepanda au zimeshuka usinilaumu, wewe angalia vipimo na hela inavyogawanyika.

Eneo lote ni kama skwea mita 90. Njia ni mita 15 kwa 4, pa kugeuzia ni 6 kwa 5. Nikaita watu watatu waje waangalie. Wa kwanza kijana wa mtaani, mchangamfu kweli, akapiga hatua kutoka getini mpaka kibarazani, tepu hakutoa hata mfukoni, akasema bosi hapa 35,000 kwa skwea mita kila kitu juu yangu, yaani 3,150,000 mchezo umeisha. Wa pili kampuni ya zege la kuletwa na lori la mikisa, wamekuja na gari safi na fulana zenye nembo, wakapima vizuri tu, kotesheni ikaja baadae kwa watsap milioni 7.4, nikauliza hii na VAT humo? Wakasema hapana VAT bado, haya weka ile 18% juu unaongelea 8,732,000. Wa tatu ndio huyu aliyepata kazi, mwisho wa siku alisema 5,100,000, ila siku ya kwanza aligoma kutaja bei kabisa.

Ukiangalia hizo namba tatu unaweza kudhani kuna mmoja mwizi na mmoja mjinga. Nyumbani tulibishana sana, mama watoto anasema chukua wa milioni tatu hela inayobaki tuweke tanki, shemeji anasema kampuni ndio salama. Kumbe watu wale walikuwa wanauza vitu vitatu tofauti kabisa, wote wanaviita njia ya zege.

Kilichonifanya nimchukue huyu wa tatu ni sururu. Alikuja nayo kwenye pikipiki, akasema mzee naomba ruhusa nichimbe kidogo, akachimba shimo getini, lingine katikati, lingine karibu na nyumba. Getini udongo mwekundu mgumu, sururu inarudi. Katikati hivyohivyo. Karibu na nyumba sasa, loh, sururu inazama yenyewe, vikatoka vipande vya tofali, mifuko ya saruji iliyooza, mabaki ya lipu, kumbe wale waliojenga nyumba walimwaga kifusi pale na kusawazisha juu juu tu, na chini yake mfinyanzi unaoshika maji kwasababu mteremko wote unaleta maji kule. Akaniambia hapa nikikumwagia zege leo utaliona zuri mpaka masika, masika ikiingia udongo unakaa chini zege linabaki linaelea, gari likipita linakatika. Wale wawili wa mwanzo hakuna aliyegusa udongo. Kampuni kwenye kotesheni yao waliandika "eneo liwe limeandaliwa na mteja", kamstari kadogo chini, maana yake kuchimba na kushindilia ni juu yangu na hayo mamilioni nane hayamo humo. Yule wa 35,000 yeye hata hakuandika, angemwaga juu ya kifusi na kusepa.

Kwahiyo mtu akikuuliza nini kinapandisha bei ya njia ya zege mwambie cha kwanza ni udongo. Zege lenyewe linahesabika, ukijua urefu, upana na unene unapata jibu, ila chini hujui mpaka uchimbe. Kwangu kama skwea mita 35 za kule chini zilichimbwa sentimita 30, ikatolewa takataka yote, ikaletwa moramu, ule udongo wa changarawe wa kushindilia, ikamwagwa kwa tabaka na kila tabaka inamwagiwa maji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya kukodi. Sio unamwaga sentimita 30 zote mara moja halafu unapitisha mashine juu, mashine ndogo zile nguvu yake haifiki chini. Hiyo peke yake imekula kama laki sita, na ingekula zaidi kama sio jirani mwenye korongo nyuma ya kiwanja chake kusema leteni hicho kifusi kwangu, tukaokoa hela ya lori la kwenda kumwaga. Mwenye kiwanja cha mchanga mgumu tambarare hii laki sita haimhusu kabisa na ndio maana kulinganisha bei yako na ya rafiki yako wa Kigamboni ni kujichosha.

Sasa unene. Hapa ndio watu wanapigwa sana. Kwa gari ndogo, IST, Vitz, hata Harrier, inchi 4 yaani sentimita 10 inatosha kabisa ikiwa chini pameshindiliwa. Shida ni boza. Sisi maji ya bomba yanakuja yakijisikia, tanki la chini liko mita chache kutoka getini, boza la lita 10,000 linaingia, na hizo lita 10,000 ni tani 10 za maji kabla hujahesabu lori lenyewe. Fundi akauliza boza linaishia wapi, nikamwonyesha, akasema basi mita 6 za mwanzo twende sentimita 15, kwingine kote 10. Hesabu yake ilikuwa hivi: mita 6 kwa 4 kwa 0.15 ni kyubiki mita 3.6, na skwea mita 66 zilizobaki kwa 0.10 ni 6.6, jumla kyubiki 10.2. Kwa mchanganyo wa moja mbili nne, yaani saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, kyubiki moja inakula mifuko sita na nusu ya kilo 50 hivi, kwahiyo mifuko 66, ongeza ya kumwagika na ya kingo, tukanunua 70. Kama ningesema weka 15 kote ingekuwa kyubiki 13.5 na mifuko kama 88 bila hata ya ziada, kwa faida gani wakati boza halifiki kule chini? Kampuni walipiga 15 kote. Nilipowauliza kwanini wakasema ndio standadi yao.

Upande wa pili sasa ni wizi wa kupunguza. Kwa eneo langu sentimita moja tu ni kyubiki 0.9, karibu mifuko sita ya saruji na kokoto zake na mchanga wake. Fundi akikupunguzia sentimita tatu umeibiwa mifuko 17 na hutojua, maana ukiangalia pembeni unaona mbao zimesimama sentimita 10 safi, kumbe katikati moramu imeachwa juu, zege limekuwa sentimita 6 au 7. Dawa yake rahisi, kabla hawajamwaga vuta uzi kutoka mbao ya upande huu mpaka upande wa pili, shuka na tepu kutoka kwenye uzi mpaka chini sehemu kadhaa. Huyu fundi wangu alivuta uzi mwenyewe bila kuambiwa akaniita nije nisome tepu, hapo nikajua nimepata mtu.

Saruji tulichukua ya 42.5 (hiyo namba ni daraja la nguvu yake), mfuko 16,000 hadiwea, mifuko 70 ikawa 1,120,000. Ukienda Twiga, Dangote, Simba, wote wanazo za 32.5 na za 42.5, kwa lipu na kujengea tofali ile 32.5 haina neno ila zege linalokanyagwa na gari chukua 42.5, inashika nguvu mapema na tofauti ya bei kwa mfuko sio ya kukonda nayo. Halafu mifuko mitupu yote ikusanywe sehemu moja ihesabiwe jioni. Sio kwamba namtuhumu mtu, ni utaratibu tu, mfuko una miguu.

Kokoto zilinishangaza. Nilidhani saruji ndio inakula hela yote kumbe kokoto zinaikaribia, na sababu ni usafiri. Kokoto ngumu nzuri zinazokuja Dar nyingi zinatoka Lugoba kule mbele ya Chalinze, zaidi ya kilometa 100 mpaka ufike Dar, kwahiyo unanunua jiwe na unanunua dizeli. Kuna za karibu za mawe ya pwani, yale meupe meupe ya matumbawe, bei poa, fundi akasema hizo weka kwenye msingi wa ukuta wa uzio ukitaka ila njia ya gari hapana, zinakunywa maji na zinasagika. Tulihitaji kyubiki 9 za kokoto za robo tatu ya inchi na mchanga kama kyubiki 5. Na hapo kuwa makini na neno tripu. Mwenye lori anakwambia tripu, yeye hasemi kyubiki, na body za kenta hazilingani hata kidogo, panda juu upime urefu, upana na kina cha mzigo kabla hajamwaga, akikataa kupimwa mrudishe. Mchanga nao ushike mkononi, usugue, ukiacha matope kwenye kiganja huo sio wa zege.

Nondo je? Hapa ndipo mimi na fundi hatukukubaliana na mpaka leo sina uhakika nani alikuwa sahihi. Yeye anataka BRC kote, yaani wavu wa waya wa chuma, ile A142 yenye waya wa milimita 6 kila sentimita 20. Ukweli ni kwamba BRC haizuii zege kupasuka, inashika tu ule ufa usifunguke, na kwa sentimita 10 juu ya udongo mgumu na zege likikatwa jointi vizuri, ile mistari ya kuongoza ufa, unaweza kuishi bila BRC na gari ndogo zisilete shida. Nilitaka iwekwe kule kwenye boza na kule kwenye kifusi tu. Akasema mzee rola moja inatosha eneo lote na nusu rola hawakuuzii, kweli rola ni mita 2.4 kwa 48, ni skwea mita 115, basi ikawekwa kote. Ila jambo moja nampa heko, aliiweka juu ya biskuti, vile vitofali vidogo vya saruji, waya ukakaa katikati ya zege. Nimeona saiti nyingi BRC imelala chini juu ya nailoni, mtu anasema tutaivuta na kulabu wakati wa kumwaga, havuti mtu, watu kumi wanaikanyaga na karai kichwani, inabaki chini haina kazi yoyote zaidi ya kukumalizia hela.

Siku ya zege. Mashine ya kuchanganyia ya kukodi, vibarua wake, mama lishe kaja na sufuria lake la wali maharage (chakula kilikuwa juu yangu, uliza mapema nani analisha maana hiyo nayo ni bajeti). Walianza alfajiri na kama mnavyojua zege halilali, likianza kumwagwa hakuna kusema tutamalizia kesho, mpaka wanatoka taa za getini zinawaka. Kipimo kilikuwa ndoo, mfuko mmoja wa saruji kwa ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto, ndoo za lita 20, hakuna mambo ya beleshi maana beleshi la asubuhi na beleshi la saa tisa mchana sio beleshi moja. Niliposimama nao nilikuwa nalinda kitu kimoja tu, maji. Mfuko mmoja hautaki zaidi ya lita 25 hivi na mchanga ukiwa na unyevu unapunguza zaidi, lakini zege jepesi la uji ndio raha ya kibarua, linateleza lenyewe kwenye toroli, na kila ndoo ya ziada unamwaga nguvu ya saruji uliyoinunua 16,000. Fundi akigeuka tu kijana wa mashine anaongeza. Akigeuka tena anaongeza. Mwishoni fundi akaweka dumu lenye alama na kumkabidhi mtu mmoja maji, kukatulia. Hilo alitakiwa kulifanya saa moja asubuhi sio saa tano.

Hapa niseme kitu kuhusu zege la mikisa ili nisiwaonee wale wa kampuni. Zege lao ni bora kwa kuchanganywa, linapimwa kwa uzito, kila lori linafanana na lingine, vibarua wanapungua, kazi ya siku nzima inakuwa ya masaa. Kama una eneo kubwa, ukumbi, yadi ya malori, kituo cha mafuta, usifikirie ndoo. Ila kwa kyubiki 10 mahesabu yanakataa, lori linabeba kama kyubiki 6 mpaka 8, kwahiyo la pili linakuja nusu tupu na unalilipia safari nzima, halafu lori lililojaa halipiti kwenye kichochoro chetu lazima pampu, na pampu inakodiwa kwa ujio wake, umwage kyubiki 10 au 40 bei ya kuja ni ileile. Ongeza foleni, zege likishachanganywa lina masaa mawili hivi liwe limeshamwagwa, sasa lori likwame Mbezi na jua la saa saba sijui mnarudishiana hela vipi.

Mteremko nao ni hela, watu wanausahau. Zege la mteremko linataka lianze kumwagwa chini kupanda juu, linataka liwe zito zaidi lisitembee, na kule chini linawekewa kisigino kinene kizame ardhini kuzuia lote lisisukumwe. Pia maji, geti langu liko juu nyumba iko chini, mvua yote ya kwenye zege ingekuja sebuleni, kwahiyo kabla ya kibaraza ukawekwa mfereji wa kukatiza wenye grili ya chuma juu, grili niliichomelesha kwa fundi wa geti kwa hela tofauti. Yule wa 3,150,000 na wale wa milioni nane wote hawakuutaja mfereji, nilipouliza kila mmoja akasema ah hiyo ni nyongeza. Na kule juu getini kuna mtaro wa barabara, msije mkajaza zege kwenye mtaro ili gari lipite, weka kalvati, bomba la kupitisha maji chini, na barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, nenda kaulize kabla hujagusa maana ukivunjiwa hela yako ndio imeenda hivyo.

Umaliziaji: brashi, mistari ya kukatiza njia, tairi lishike. Nilishangaa fundi mwenyewe ndiye aliyekataa niru, ule umaliziaji laini wa saruji, kwasababu watu wanapenda ile ing'ae kama sakafu ya sebule, kwenye mteremko ikinyesha unateleza wewe na gari na mgeni wako. Zile za kugongwa mihuri zifanane na mawe na kutiwa rangi sikuulizia hata bei, nzuri sana kwa macho, zinataka rangi, mihuri, dawa ya juu na fundi anayeijua, na ikipasuka hakuna namna ya kuziba isionekane.

Haya sasa nyota yangu ya tano imepotelea wapi. Jointi. Zege lazima lipasuke, kazi ya fundi ni kuliambia lipasukie wapi, unalikata mistari kila mita mbili na nusu mpaka tatu kwa unene wa sentimita 10, kina robo ya unene, yaani sentimita mbili na nusu, na inatakiwa ikatwe mapema, ndani ya masaa, kwa joto la Dar usivuke asubuhi inayofuata. Tulikubaliana hivyo kwa mdomo na kwa maandishi. Mashine ya kukatia ikaja kesho yake alasiri, eti mwenye mashine alikuwa na kazi nyingine, simu haipokelewi, mimi nazunguka zunguka pale kama kuku. Pale pa kugeuzia gari tayari ukawa umeshaingia ufa mwembamba, wa kama unywele, wenye urefu wa mita mbili hivi, umepita pembeni kabisa ya mahali mstari ulipotakiwa kuwa. Sio wa hatari, BRC inaushika (hapo nikakumbuka ule ubishi wetu nikanyamaza), ila upo na kila nikipaki nauona. Fundi hakubisha, alikubali kupunguza 150,000. Angeniambia asubuhi kwamba mashine haina uhakika ningetafuta grainda popote.

La pili ni usafi, zege lililomwagika kwenye majani na kwenye ukuta wa uzio halikuoshwa siku ileile, limekauka, nimelipa mtu kulibandua. La tatu brashi kule chini haijanyooka, giza lilishaingia wanapiga kwa tochi za simu. Hayo madogo.

Kwenye kulitunza zege alikuwa mkali kweli na nilimpenda kwa hilo. Magunia juu, maji asubuhi, mchana, jioni, siku saba, gari dogo lisiingie kabla ya wiki, boza lisubiri siku 28. Weka maji ya boza kwenye bajeti yako wewe ambaye Dawasa hawajakufikia vizuri, maji ya kuchanganyia, ya kushindilia na ya kumwagilia, mimi nilinunua boza zaidi ya nilivyotegemea, na boza lenyewe haliruhusiwi kuingia ndani linapampu kutoka barabarani na mpira mrefu, dereva ananuna. Pia msifanye kazi hii Aprili. Malori ya mchanga yanakwama, bei ya tripu inapaa, moramu ikilowa haishindiliki inakuwa tope, na mvua ikipiga zege bichi inaosha saruji juu unabaki na kokoto zinakutazama.

Pevingi, vile vitofali vya kupanga chini, niliifikiria, msiseme sikufikiria. Kwa boza ningehitaji zile za milimita 80 sio 60, na kazi ya chini ni ileile ya kuchimba na kushindilia, halafu kwenye mteremko zinataka kizuizi imara pembeni na chini zisitembee. Faida yake ukitaka kupitisha bomba unazitoa unazirudisha, zege hauna hiyo, na ndio maana kabla ya kumwaga fundi alilaza mabomba mawili matupu chini kukatiza njia, moja la maji moja la nyaya za umeme wa geti baadae. Hakuwa ameyaweka kwenye bei, aliyatoa kwenye mabaki yake. Kitu kidogo lakini mtu wa 35,000 asingefikiria.

Malipo tuligawa, nusu vifaa vilipofika saiti, asilimia thelathini baada ya kumwaga, ishirini mwishoni, na vifaa tulienda hadiwea pamoja risiti zikatoka kwa jina langu. Ukigawanya 5,100,000 kwa 90 unapata kama 56,700 kwa skwea mita, toa ile laki na nusu ya ufa inashuka kidogo. Msiichukue hiyo namba mkampelekea fundi wenu, humo ndani kuna kifusi changu, mteremko wangu, boza langu na BRC ambayo labda hukuihitaji.

Ningempa kazi tena? Ndio, ila ningekodi mashine ya kukatia mwenyewe na ilale kwangu siku moja kabla. Bado nina laki mbili zake, atazichukua akija kujaza lami kwenye jointi, mara ya mwisho kuongea alikuwa Madale kwa mtu mwingine kachimba mashimo matatu na bado hajamtajia bei.